Ufundi Unavuka Mpaka, Cheti Kinabaki Manyovu

Chukua waashi wawili wa Kigoma mjini. Mmoja ni mtu mzima wa Mwanga, nyumba nyingi za mtaa wake zimepita mikononi mwake, na sandukuni ana cheti cha Gredi 1 cha jaribio la ufundi, lile ambalo mafundi wenyewe huliita tredi testi. Mwingine ni kijana aliyemaliza chuo juzi, ana cheti cha Levo 1. Mwajiri asiyeyajua mambo haya atawaweka kapu moja, na atakuwa amekosea vibaya. Katika majaribio ya zamani fundi alianzia Gredi 3 akapanda hadi Gredi 1, ambayo ndiyo ilikuwa ya juu kabisa. Katika tuzo za sasa za taifa za ufundi stadi anaanzia Levo 1 na kupanda hadi Levo 3. Tarakimu ni ileile, lakini mmoja amefika mwisho na mwenzake ndiyo kwanza anaanza.

Hapo bado hatujatoka ndani ya nchi. Sasa vuka Manyovu uingie Burundi, au panda boti uende Kalemie. Huko fundi aliyesoma sekondari ya ufundi atakwambia ana "A2". Cheti chake kimeandikwa kwa Kifaransa na mfumo uliomlea una mizizi katika enzi za utawala wa Wabelgiji. Levo 2 ya Tanzania ina maana gani kwake? Na hiyo A2 ina maana gani kwa mkandarasi wa Kasulu anayetafuta fundi wa Jumatatu?

Swali hilo lina ndugu yake, na kwa maoni yangu ndilo lililotelekezwa zaidi: nani anamweleza kijana haya yote kabla hajachagua fani? Huwa tunayazungumza mbalimbali. Ushauri wa kazi tunauacha shuleni, utambuzi wa vyeti tunauacha kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Arusha. Kwa kijana wa Kigoma hayo ni jambo moja.

Mkoa huu unapakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa maji. Muha wa Buhigwe na Mrundi wa ng'ambo wanasikilizana kila mmoja akizungumza lugha ya kwao, na Kiswahili kinauza na kununua Uvira, upande wa Kongo, kama kinavyofanya Ujiji. Reli ya Kati ilifika ziwani mwaka 1914. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na lipo tawi la kutoka Uvinza hadi Musongati, ndani ya Burundi. Kazi za aina hii hula mafundi: wafunga nondo, wachomeleaji, mafundi umeme, waendesha mitambo. Mkandarasi anapohama na kazi hupenda kuhama na mikono aliyokwisha kuiamini. Lakini mikono hiyo ikifika mpakani inakuwa ya mgeni, na mgeni huulizwa karatasi.

"Hakitambuliki" kwa maana ipi?

Mtu akilalamika kwamba cheti chake hakitambuliki, huenda anazungumzia jambo moja kati ya matatu, na kila jambo lina ofisi yake. Wengi huzunguka miezi kwa sababu wamepeleka swali sahihi kwenye dirisha lisilo lake.

Jambo la kwanza ni ujuzi wenyewe. Yupo mtu anayeaminika aliyempima? Kwa ufundi stadi hapa kwetu jina linalokuja haraka ni VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huku NACTVET likiwa baraza linalodhibiti elimu ya ufundi na ufundi stadi nchini.

La pili ni ulinganifu, yaani cheti cha kule kina uzito gani huku. Matokeo ya sekondari ya nje hulinganishwa na NECTA, baraza la mitihani, shahada za nje hupelekwa TCU, tume ya vyuo vikuu, vyeti vya vyuo vya ufundi hupelekwa NACTVET. Hapa ndipo mwenye A2 anapoanza kuhangaika, kwa sababu karatasi yake moja imebeba sekondari na ufundi kwa pamoja. Kabla hajapanga foleni popote, aamue kwanza anataka kukitumia kwa nini. Anayetaka kuendelea na masomo na anayetaka kushika kazi wiki ijayo hawaendi njia moja.

La tatu ni ruhusa. Unaweza kuwa fundi hodari, cheti chako kikalinganishwa vizuri, na bado usiruhusiwe kufanya kazi. Hapa Tanzania asiye raia anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia iligawa vibali vya kazi kwa herufi, A hadi E, na E ndiyo ya wakimbizi. Kisha Julai 2025 ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kutengeneza simu ikiwamo. Kwa hiyo fundi simu wa Bujumbura anayetaka kufungua kibanda Kigoma mjini hazuiwi na udhaifu wa cheti chake. Hata angekuwa na vyeti kumi, jibu lingekuwa lilelile. Kumwambia akasome zaidi ni kumpotezea muda na fedha.

Na zipo fani ambazo hata raia hatoshelezwi na cheti peke yake. Fundi wa kufunga umeme majumbani anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nasikitika kila ninapokutana na kijana aliyemaliza fani ya umeme, ana cheti safi, na hakuwahi kuambiwa hivyo siku anajiunga na chuo.

Dereva anavuka, makanika anabaki

Ukitaka kuelewa kwa nini karatasi nyingine zinavuka na nyingine zinakwama, tazama lori linalotoka Kigoma kwenda Bujumbura. Dereva ana leseni ya Tanzania mfukoni, na hakuna anayemwambia arudie mtihani wa udereva upande wa pili. Fundi aliyelitengeneza lori lilelile akiomba kazi kwenye gereji ya Bujumbura, cheti chake hakina kwa kujishikiza. Sababu si kwamba udereva ni mgumu kuliko umakanika. Madaraja ya leseni yanaeleweka, kila daraja linataja aina ya gari, nchi zimekubali kuheshimiana, na askari wa barabarani anajua anatafuta nini anapoishika.

Mabaharia nao wana utaratibu wao. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaojulikana kwa kifupi cha STCW uliweka viwango vya chini vya mafunzo na vyeti vya mabaharia, na ndio unaoziwezesha nchi kutambua vyeti vya wenzao. Lakini mkataba huo ni wa meli za baharini. Chombo kinachofanya kazi ndani ya maji ya bara peke yake hauhusiki nacho. Baharia wa Ziwa Tanganyika, ambaye ziwa lake linagawanywa na nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, anavuka mipaka mingi zaidi ya wengi wetu bila kivuli cha mkataba huo.

Tuje kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambue vyeti vya kitaaluma vya kila mmoja. Burundi ilikuwamo tangu 2007, Kongo ikaingia 2022. Kwa hiyo majirani zetu wote wawili wamo ndani ya nyumba moja nasi. Chini ya itifaki hiyo yamefikiwa makubaliano ya kutambuana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo.

Tazama orodha hiyo vizuri. Wote hao wana bodi. Bodi ya wahandisi ya nchi moja inakaa meza moja na bodi ya nchi nyingine, wanalinganisha masharti, wanatia saini, na mtu akiharibu kazi bodi inaweza kumfuta kwenye daftari lake. Mwashi hana bodi. Mchomeleaji hana. Hakuna wa kwenda mezani kwa niaba yao, na hakuna anayeweza kumhakikishia mwenzake wa ng'ambo kwamba "huyu akikuangusha, mimi nitawajibika". Matokeo yake, mhandisi anayesimamia daraja ameandaliwa njia, na anayefunga nondo za daraja hilohilo hajaandaliwa. Sioni haki katika hilo, hasa ukikumbuka kwamba anayefunga nondo ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kugharamia safari za ofisini.

Zipo juhudi za kuoanisha ngazi za vyeti. Tanzania ina ngazi kumi: tatu za mwanzo ni za ufundi stadi, kuanzia ya nne ni za vyuo vya ufundi na kuendelea juu. Kenya nayo ina mfumo wa ngazi kumi, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambamo sisi na Kongo sote tumo, ina wake wa ngazi kumi. Upo pia mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2018, unaojenga vituo vya ufundi vya kikanda katika Ethiopia, Kenya na Tanzania. Vya kwetu vimeangukia Dar es Salaam, Mwanza na upande wa Arusha na Kilimanjaro. Magharibi hakuna, na Burundi na Kongo hazimo katika nchi hizo tatu. Mpaka wenye mafundi wanaovuka kila siku umeachwa nje ya mpango uliotungwa kwa ajili ya kuvuka.

Tena ngazi, hata zikioanishwa, hueleza urefu tu. Haziambii gereji ya Rumonge, Burundi, kama huyu kijana anajua kushusha gia boksi.

Cheti kinachosomeka

Kigoma ni mji ambao meli yake maarufu, MV Liemba, ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani ikaungwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Kazi ya kuunga chuma si ngeni kwetu. Nautumia uchomeleaji kwa sababu ndiyo fani inayoonyesha waziwazi cheti chenye uwezo wa kusafiri kinavyotakiwa kuwa.

Kipo kiwango cha kimataifa cha kuwapima wachomeleaji, ISO 9606. Cheti kinachotolewa kwa kiwango hicho hakisemi tu kwamba fulani ni mchomeleaji. Kinataja alitumia njia gani ya kuchomelea, chuma cha aina gani, unene gani, na kiungo kilikuwa kimekaaje: kimelala, kimesimama wima, au kiko juu ya kichwa. Kinataja aliyempima na tarehe. Na hakiishi milele. Kila baada ya miezi sita msimamizi anathibitisha kwa saini kwamba mtu huyu ameendelea kuchomelea kazi ya aina hiyo. Msimamizi wa Lubumbashi au wa Dar es Salaam akikishika anajua leo anaweza kumkabidhi nini mwenye nacho na nini asimkabidhi.

Linganisha na cheti kinachosema "Uchomeleaji, Levo 2" kisha jina, picha na mhuri. Ni cheti halali, kimetolewa na mamlaka halali, na nyuma yake kuna miezi ya jasho. Lakini mtu wa nje akikisoma hapati jibu la swali lake la kwanza: huyu anaweza kufanya nini?

Habari njema ni kwamba jibu lipo, ila halijafungwa pamoja na cheti. Mafunzo yetu ya ufundi stadi yamejengwa juu ya umahiri, kwa maana kwamba mwanafunzi hupimwa kazi moja moja. Matokeo hayo ya kazi moja moja ndiyo yanayotakiwa kuvuka mpaka. Kijana anayehitimu aombe chuoni karatasi ya matokeo iliyochambuliwa, asiridhike na cheti cha kutundika ukutani. Awe na daftari la kazi tangu mafunzo ya vitendo: tarehe, saiti, alichofanya, saini ya msimamizi na namba yake ya simu. Picha za kazi akiwa ameishika zinasaidia. Naona mara nyingi vijana wanapiga picha ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Mwajiri anayejua kazi anataka kuuona kabla ya plasta.

Vipi ambaye hakupita chuoni? Kigoma imejaa mafundi waliofundishwa na baba, mjomba au bosi wa gereji, na wengi wao wanawazidi wenye vyeti. Kwa ajili yao upo utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi. Fundi anajiandikisha, wapimaji wanaangalia kazi yake na kumtazama akifanya, wanabaini mapengo, anapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha anapewa cheti. Ni utaratibu mzuri, na ningependa kila fundi wa mtaani ausikie. Una sehemu moja ya kuangalia kwa makini. Fundi maboti wa Kibirizi akipimwa kama seremala wa samani, atapata cheti kinachotaja sehemu ndogo ya anachokijua. Kupinda mbao za mbavu za chombo, kukalafati (kuziba mianya ya mbao maji yasipenye), kujua boti litakaaje likijazwa mizigo, vyote hivyo vitabaki nje ya karatasi, na ndivyo hasa ambavyo mtu wa Kalemie au Baraka angemlipia. Kabla ya kupimwa, fundi aulize: nitapimwa kwa orodha gani ya kazi? Ana haki ya kuiona.

Kuna kundi jingine la Kigoma ambalo mazungumzo haya hulisahau. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na ile ya Nduta imepokea Warundi wengi. Shule za kambini zimekuwa zikifuata mitaala ya nchi walikotoka, kwa Kifaransa, ili mtoto akirudi asianze upya. Busara hiyohiyo inahitajika kwenye mafunzo ya ufundi. Kijana anayejifunza ushonaji au useremala kambini huenda akaitumia fani hiyo Makamba ya Burundi au Fizi ya Kongo. Cheti chake kikiandikwa kwa lugha ambayo mwajiri wa huko haisomi, bila orodha ya alichojifunza, tutakuwa tumemfundisha kazi na kumnyima uthibitisho.

Nani amwambie, na lini

Shuleni kuna mwalimu wa malezi na ushauri. Ukimfuatilia utakuta ana vipindi vyake vya kawaida, ana kesi za utoro na ujauzito, na ushauri wa kazi anaubana kwenye wiki chache kabla ya wanafunzi wa kidato cha nne kujaza machaguo yao ya tahasusi na vyuo kwenye Selform. Mazungumzo yakifika kwenye ufundi huwa ni ya kuwapooza walioogopa matokeo. Mtoto anatumwa ufundini kama aliyefukuzwa mahali pengine, na mzazi anaficha mbele ya majirani kwamba mwanawe anasomea bomba. Wasichana nao wanaelekezwa kwenye cherehani na saluni kabla hata hawajaulizwa wanapenda nini, wakati paneli ya umeme wa jua haitambui mkono wa nani umeifunga.

Wakati umebadilika haraka kuliko ushauri wetu. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kuanzia kidato cha kwanza katika baadhi ya shule. Maana yake, uamuzi uliokuwa ukifanywa na kijana wa miaka kumi na saba sasa unamkuta mtoto aliyetoka kumaliza darasa la saba. Kwa hiyo ushauri wa kazi lazima ushuke hadi shule ya msingi, na lazima wazazi wawemo, kwa sababu katika umri huo ndio wanaoamua.

Ushauri wa maana ninaouona mimi hauanzi na orodha ya fani. Unaanza kwa kumpeleka mtoto akaone: bandarini, gereji, mashine ya kukamua mawese, saiti ya reli. Amsikie fundi akieleza siku yake inavyokwenda, analipwaje, mvua zikinyesha kazi inakuwaje. Kisha yanakuja maswali ambayo mzazi ayapeleke chuoni kabla ya kulipa ada. Chuo kimesajiliwa? Fani hii inafundishwa hadi Levo ipi hapa, na akitaka kuendelea, ni Tabora au mbali zaidi? Baada ya cheti kuna leseni nyingine? Mafunzo ya vitendo ni wapi, na nani anasaini daftari? Mwenye Levo 3 anaweza kuendelea na chuo cha ufundi cha juu? Vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Kasulu na Kibondo vijibu maswali hayohayo sawasawa na VETA.

Na swali la mwisho, la mkoa wetu: fani hii inavuka? Udereva unavuka kwa leseni. Uchomeleaji unaweza kuvuka ukipimwa kwa kiwango cha kimataifa. Umeme unategemea leseni ya kila nchi, kwa hiyo ajiandae kuanza upya. Uashi na useremala huvuka kwa sifa na mdomo, karatasi ikija nyuma.

Ningeongeza jambo moja ambalo silioni likizungumzwa. Vyuo vya ufundi vya Kigoma vifundishe Kifaransa cha kazi. Si cha fasihi. Cha majina ya vifaa, vipimo, tahadhari za usalama na mkataba wa ajira. Kijana wa hapa tayari ana Kiha kinachomfikisha Burundi na Kiswahili kinachomfikisha Kongo. Akiongeza Kifaransa kidogo cha saiti, ataweza kusoma ramani na kuandika ripoti mwenyewe badala ya kubaki kibarua wa aliyemtafsiria.

Kwa anayejiandaa kuvuka sasa hivi, mpangilio ni huu: kwanza mkataba au barua ya ajira kutoka kwa mwajiri wa upande ule, kwa sababu ndiyo inayobeba ombi la kibali cha kazi, kisha cheti na karatasi ya matokeo yaliyochambuliwa, pamoja na tafsiri ya Kifaransa yenye mhuri wa mtafsiri anayetambulika, nakala za vyote ziachwe nyumbani, na daftari la kazi, hata likiwa na madoa ya oili, liwe ndani ya begi.